Maumivu Yaliyonisimamisha

Kuna sehemu ya mwili wa mwanamume ambayo haina jina mezani. Mgongo una jina, goti lina jina, hata tumbo la kuhara mtu hulitaja mbele ya wageni na akaletewa chai ya tangawizi. Lakini pale chini kabisa, pale unapokalia, kati ya njia ya mbele na njia ya nyuma, hapana neno ambalo mtu mzima anaweza kulitamka bila mwenzake kukohoa. Huko ndiko nilikoumwa. Niliumwa misimu kadhaa ya viazi, na sehemu kubwa ya misimu hiyo niliumwa kimya.

Naandika sasa kwa sababu yaliyo mabaya zaidi yamepita. Naandika pia kwa sababu najua kuna mwanamume mahali fulani, pengine Molo, pengine Bahati, anayesoma haya akiwa ameegemea ukuta kwa vile kiti kimekuwa adui yake. Ndugu yangu, egemea tu. Sitakuchosha.

Ilianza wakati wa kuvuna, Dundori, kwenye shamba la baba. Udongo wetu ni mweusi na mzito, na viazi vikitoka humo hung'aa kama mayai. Jioni moja nilikaa juu ya gunia kupumzika, nikahisi kama nimekalia kiazi kilichotolewa jivuni. Niliinuka, nikapapasa gunia, hapakuwa na kitu. Nilikaa tena. Kile kiazi cha moto kilikuwa ndani yangu.

Kikabaki humo. Asubuhi kilikuwa kidogo, jioni kikubwa. Nilienda haja ndogo, nikarudi, nikaenda tena, na kila mara nilihisi kama bado kuna iliyobaki. Wakati wa baridi maumivu yalishuka mpaka mapajani na kupanda mpaka kitovuni. Hata raha ambayo mwili wa kijana hujipatia usingizini iliniachia uchungu wa siku nzima. Nilikuwa na mchumba, na nikaanza kuiogopa ndoa kabla sijaoa.

Mchumba wangu ni Chelang'at, mwalimu wa shule ya msingi hapa mjini Nakuru. Kwao ni Olenguruone, juu kule kwenye ukungu wa Mau. Ana kicheko cha ghafla, kama mtu aliyefungua dirisha. Tulipenda kutembea, na nilipoanza kuugua tulitembea zaidi, maana mtu anayetembea haulizwi kwa nini hakai. Alidhani nimependa mazoezi.

Unapougua ugonjwa usio na jina, unajifunza ujanja. Riwaya niliyokuwa naandika niliimalizia nikiwa wima, kompyuta ikiwa juu ya magunia matatu ya mbegu. Kinyozi wangu alizoea kuninyoa nimesimama kama nguzo ya ua. Kanisani, ambako benchi zetu ni za mbao tupu na mahubiri hayana haraka, niliomba kazi ya kusimama mlangoni na kuwapokea watu. Mchungaji alifurahi mno. Jumapili moja aliniita mbele akawaambia waumini, "Muoneni huyu kijana. Tangu nimpe kazi ya Bwana, hajawahi kuketi!" Watu wakapiga makofi. Mimi nilitabasamu huku nimekaza meno.

Dawa nilikula. Kule kwenye duka la dawa nilielekeza kidole chini, bila kusema, na muuzaji, kijana wa rika langu, akaegemea kaunta na kushusha sauti.

"Niaje boss. Ulilala wapi?"

"Sikulala mahali."

"Wote husema hivyo." Akanipa vidonge vya kuua wadudu. Nilimaliza, nikarudi, akanipa vingine vyenye rangi nzuri zaidi. Vilichoua ni hamu yangu ya kula. Suruali zikaanza kunishuka kiunoni.

Mama yangu aliona. Mama wa Dundori huona kila kitu, ila hukipa jina moja: baridi. "Umekalia mawe," alisema. "Baridi imekuingia na chini." Hakuuliza zaidi. Aliweka karai la maji moto yenye chumvi kwenye bafu ya mabati, akaniambia niketi humo mpaka maji yapoe, kisha akaenda zake akiimba ili nijue yuko mbali. Ndani ya karai lile nilipata nusu saa ya amani kila siku. Baadaye daktari aliniambia maji moto ni jambo jema. Mama hakuhitaji kuambiwa.

Ndipo Desemba ikafika, na Desemba ndio mwezi wa posa.

Kwa akina Chelang'at, siku familia ya mvulana inapoenda kuomba binti inaitwa koito. Si siku ya sherehe ndogo. Unangojeshwa langoni, wanawake wanakuimbia na kukutania, halafu mnaingizwa ndani, mnapangwa ukutani, na wazee wanaanza kuongea mambo mengine kabisa: mvua, majani ya chai, bei ya maziwa, habari za jirani aliyenunua trekta. Kijana aliyekuja kuoa hukaa. Hiyo ndiyo kazi yake. Anakaa, ananyamaza, anatazamwa.

Nilikalishwa kwenye benchi kati ya baba yangu na mzee wa kanisa letu aliyetusindikiza. Barabara ya kupanda kutoka Nakuru ilikuwa imeshauwasha moto wangu. Nilihamisha uzito tako la kulia, nikahamisha kushoto. Nilikaa kwenye ukingo. Nilikalia mikono yangu.

Mdogo wake baba yake Chelang'at, anaitwa Kimutai, mtu mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe bondeni, aliniona.

"Huyu kijana ako na siafu kwa suruali?"

Nyumba nzima ikacheka. Nami nikacheka. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni, kwenye baridi ile ya Mau.

Mazungumzo yakaja mwishowe pale yalipotakiwa kuja. Baba yake, Mzee Koech, akanigeukia. Ni mtu mpole, mwenye macho yasiyopepesa.

"Kijana, tumekuona. Sasa sema mbele ya hawa wazee. Binti yetu, unamtaka?"

Nataka uelewe kwamba jibu lilikuwa mdomoni. Lilikuwa mdomoni tangu siku niliyokutana naye. Lakini sekunde ile misuli ya chini ilijifunga kama mlango uliopigwa na upepo, na mwili wangu ukafanya uliloweza. Uliinuka. Nilisimama katikati ya swali, nikajipenyeza mbele ya magoti ya wazee, nikatoka nje, nikashika ua wa miti na kupumua kama farasi.

 Nyuma yangu nikaisikia sauti ya Kimutai, bila utani wowote.

"Mtu akiulizwa juu ya binti halafu ainuke, huyo amejibu."

Baba alijaribu. Mzee wa kanisa alitaja kizunguzungu, akataja milima. Hata mimi niliporudi mlangoni nikasema ni kichwa. Lakini mtu anayeumwa na kichwa hushika kichwa, na mimi sikuwa nimeshika kichwa. Chai ililetwa, ikanywewa kwa heshima, na siagi ya baraka ambayo mama yake alikuwa ameitayarisha kutupaka vichwani ikarudishwa jikoni. Chelang'at alikuwa amesimama kule jikoni na wanawake wenzake. Sikuthubutu kumtazama.

Tulipofika nyumbani baba aliniambia sentensi moja tu. "Umenivua nguo mbele ya watu." Tangu jioni ile akawa anazungumza nami kupitia kwa mama. "Mwambie afungulie ng'ombe." Nami nikiwa pale pale.

Shule zilipofunguliwa Januari, Chelang'at alirudi Nakuru. Hakuwa amepokea simu zangu. Nilimngojea nje ya lango la shule yake mpaka walimu wakatoka, na tukatembea kama zamani, ila sasa kati yetu palikuwa na nafasi ya mtu mwingine kupita. Tulishika njia inayopanda kuelekea Menengai. Vumbi la kiangazi lilikuwa limeshaanza kutembea mjini chini yetu.

"Kama hunitaki, ungesema hapa," akasema. "Si lazima ungeenda kusema kwetu na miguu."

"Nakutaka."

"Uko na mwingine?"

"Kama ningekuwa na mwingine, Chela, ningekuwa nimekaa kwake. Sijakaa mahali mwaka mzima."

Alisimama. Basi nikamwambia. Nilimwambia nikitazama mji, kwa sababu sikuweza kumtazama yeye. Nilitumia maneno ya kuzunguka, yakaisha, nikatumia ya moja kwa moja. Nikasema maumivu yanapoanzia na yanapoishia. Nikasema juu ya choo. Nikasema hata lile la usingizini.

 Akauliza polepole, "Pale pa kukalia?"

"Pale."

"Na kanisani, kusimama mlangoni…"

"Ndiyo."

Alipasuka kwa kicheko, akaziba mdomo, akaendelea kucheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yalipotoka yakakataa kurudi. Alilia akiwa amenishika mkono wa shati. "Nilijua umenikataa," akasema. "Mwezi mzima nimekula chakula cha nyumbani nikijua umenikataa. Kumbe ni makalio!"

Alipojipangusa akawa tena mwalimu. "Sikiza. Baba mdogo amesema hakuna koito nyingine mpaka urudi na useme kwa mdomo wako, mbele ya wanaume wa nyumba, kwa nini uliinuka. Baba amekubaliana na yeye. Na mimi siwezi kukusemea. Si ya mwanamke kusema hiyo."

"Nitasemaje kitu kama hiki mbele ya babako?"

"Bado hujui. Kwanza twende daktari. Unakula dawa ya wadudu na hujawahi kuona hata mdudu mmoja."

Chumba cha kungojea cha daktari wa njia ya mkojo ni mahali pa kumfanya kijana ajione mtoto wa chekechea. Wanaume wote pale walikuwa na mvi. Kila mmoja alijua choo kiko upande gani. Mimi nilisimama karibu na dirisha, na mzee mmoja mwenye koti la ngozi, mwenye nyumba ya kulala wageni kule Salgaa, akanipungia.

"Kijana, umeleta babu?"

"Hapana, mzee. Nimejileta."

"Wewe?" Akageukia wenzake. "Jameni, hii ugonjwa yetu sasa imeanza kuchukua vijana!" Wakacheka, mimi pia nikacheka, na huo ukawa mwanzo wa dawa. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka na wanaume wanaojua. Waliniambia ni kiti gani laini. Waliniambia nisinywe chai nyeusi asubuhi ya vipimo. Yule mzee wa Salgaa alisema aliendesha malori ujana wake wote, na sasa kibofu chake ndicho dereva na yeye utingo.

Vipimo vilikuwa vile unavyoviogopa, na vyote ni vifupi kuliko hofu yake. Damu, mkojo, picha, na kidole. Ndiyo, kidole. Unatazama ukuta, unahesabu vigae, kimeisha. Daktari alikaa, akaniacha nisimame, na kwa hilo peke yake ningempenda.

"Hakuna wadudu," alisema. "Hakuna uvimbe mbaya. Misuli yako ya chini imekunja ngumi, ikasahau kukunjua." Aliniambia niachane na vidonge vile. Aliniambia kuna mashine inayopiga mawimbi kupitia ngozi, mawimbi ya mshtuko wanayaita, ambayo huwasaidia baadhi ya wanaume wenye shida hii. Si wote. Alilisema hilo mara mbili, nami nalisema kwako. Yangeenda pamoja na mazoezi ya kulegeza nyonga, na kupumua, na subira.

Nilianza siku ya Jumatano, na maisha yangu yakawa ya Jumatano.

Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mwanamume. Nikakutana na Nafula, mama wa makamo, mtaalamu wa mazoezi ya tiba, mwenye mikono mipana na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alivuta pazia. Akaniambia nivue suruali, nilale chali, nikunje magoti kama mtu anayejifungua.

Nilishika mkanda wangu nikabaki nimeushika.

"Nini?" akauliza.

"Naskia aibu, mathe."

"Aibu iliachwa hapo nje na viatu. Lala. Nina watoto wa kiume wanne na mume mkorofi, hakuna kitu umebeba hapo sijaona."

Nililala. Alinifunika shuka, akainua upande mmoja tu, akapaka jeli baridi kama maji ya kisima cha Dundori alfajiri. Kisha akaiweka ile mashine, kichwa chake cha mviringo kama kizibo cha mtungi, na ikaanza. Tak, tak, tak, tak. Kama kigogota anayepasua mti mkavu. Mahali pengine sikuhisi ila mtikisiko. Mahali pengine aligonga penyewe, pale pale penye kiazi cha moto, nami nikakaza kila kitu kutoka unyayo hadi taya.

"Usikaze. Ukikaza unanifungia mlango. Pumua na tumbo. Tumbo, si mabega!"

Nilijaribu. Ni ajabu kwamba mtu anaweza kuishi miaka yote akipumua na asijue. Nilivuta hewa mpaka chini, chini kabisa, mpaka pale anapogonga, na nikaitoa. Nafula akasema, "Sawa. Sasa tunaongea."

Nisikudanganye. Baada ya ile ya kwanza niliumwa zaidi. Nilirudi nyumbani kwa hatua za bata, nikaingia kwenye karai la mama, nikajiambia nimepigwa bure. Baada ya ya pili palikuwa vile vile. Nafula aliniambia nisilete hukumu kabla ya ushahidi. Akanifundisha kuchuchumaa polepole huku nimeshika mlango, kulala nimeinua miguu ukutani, kulegeza taya kwa sababu, alisema, taya na huko chini ni ndugu: mmoja akikasirika mwingine hukunja uso.

Mvua za masika zikaja. Tulipanda viazi. Niliweza kuinama kwenye matuta kwa muda mrefu kuliko mwaka uliotangulia, lakini sikusema, kwa hofu ya kuitisha bahati mbaya. Jumatano zikapita, tope likipanda viatuni mwangu, na wale wazee wa chumba cha kungojea wakaniwekea nafasi ya kusimama dirishani. Mmoja wao, mwalimu mstaafu, alikuwa akipata mawimbi kama yangu, na kwake hayakufanya kitu. Alinipongeza kwa nafuu yangu bila kinyongo, akaenda kujaribu njia nyingine. Namkumbuka kila ninapotaka kusema kwa sauti kubwa mno kwamba nimepona.

Siku niliyojua nimepata nafuu ni siku ya kinyozi. Niliingia, mvua ikinyesha, nikaketi kwenye kiti chake bila kufikiri. Joto la mashine, redio, harufu ya spiriti. Kisha mkono begani.

"Boss. Boss! Nimemaliza kitambo. Ulikuwa unakoroma."

Nilijitazama kwenye kioo. Nilikuwa nimekaa. Nilikuwa nimekaa mpaka nikasahau kuwa nimekaa, kama watu. Nilipotoka nilipita njia ndefu kwenye mvua, kwa sababu sikutaka kinyozi wala mtu mwingine aone mtu mzima akilia juu ya kiti.

Jioni ya siku hiyo nilimkuta baba ghalani akichagua mbegu. Nikaketi kwenye gunia mkabala naye, na nikamwambia yote. Alisikiliza bila kuinua macho, mikono yake ikiendelea, kubwa huku, ndogo huku, kilichooza pembeni. Nilipomaliza alishika kiazi kimoja akakigeuza kwa muda mrefu.

"Mimi nilikuosha huko ukiwa mtoto mamako akiwa hospitalini," akasema. "Ukaona haya kuniambia mimi."

Nikaokota kiazi, nikamsaidia kuchagua.

"Tukishavuna tutarudi Olenguruone." Aliniambia mimi, si kupitia kwa mtu.

Tulirudi Agosti, ukungu ukiwa umekaa barabarani kama ng'ombe asiyetaka kupisha. Mpaka wakati huo maumivu yalikuwa yamepungua sana. Ningeweza kukaa mahubiri mazima kama mhubiri ana huruma. Lakini hayakuwa yameisha, na mabaya zaidi ni kwamba hayakuwa na ratiba. Na mbele yangu palikuwa na jambo ambalo mashine ya Nafula haikuweza kunigongea: kulisema.

Kimutai ndiye aliyetufungulia lango. "Leo umekuja na kila kitu? Hata ya kukalia?"

"Nimekuja nayo, baba mdogo. Ndiyo imenileta."

Alinitazama upya kidogo. Nikamwomba Mzee Koech, kwa adabu zote, kwamba kabla ya kuingia ndani nizungumze na wanaume peke yao. Hakuuliza. Alituongoza nyuma ya nyumba mpaka zizini, ambako ng'ombe walikuwa wamekamuliwa na mvuke ulikuwa unapanda kutoka migongoni mwao. Wazee wa kwao wakasimama upande mmoja na fimbo zao. Baba yangu na mzee wa kanisa wakasimama upande wangu.

Nilivuta hewa mpaka chini.

"Siku ile niliinuka," nikasema. "Sikuinuka kumkataa Chelang'at. Ninaumwa hapa." Nikaonyesha kwa mkono, bila kuzunguka. "Chini, kati ya miguu, pale mtu anakalia. Nikikaa sana inashika kama moto. Siku ile ilishika nikiulizwa swali. Niliogopa kusema kwa sababu ya mahali penyewe. Nimetibiwa, ninaendelea kutibiwa, na leo pia inaweza kushika. Ikishika nitainuka. Nikiinuka, si jibu."

Ng'ombe mmoja alikojoa kwa kishindo. Hakuna aliyecheka. Kimutai ndiye aliyeuliza kwanza, na hakuzunguka pia.

"Utazaa?"

"Daktari amesema hakuna cha kuzuia."

"Ni ile ya kuambukiza?"

"Hapana."

Mzee Koech alikuwa anamtazama ndama. "Ng'ombe ikikataa kulala," akasema hatimaye, "hatupigi. Tunaangalia chini yake kuna nini." Akamgeukia mdogo wake. "Sisi hatukuangalia."

Kimutai alikuna kidevu. "Lakini angesema."

"Amesema."

"Haya. Twende ndani basi."

"Kwa nini ndani?" Mzee Koech akaichomeka fimbo yake ardhini na kuegemeza mikono yote miwili juu yake. "Sisi watu wa ng'ombe tumeongea maneno tukiwa tumesimama tangu lini? Tuongee hapa."

Na koito yangu ikafanyika zizini, wima, kwenye ukungu. Wazee wa Olenguruone waliegemea fimbo zao, mguu mmoja ukipumzika juu ya mwingine, kama watu waliozaliwa hivyo. Waliongea juu ya mvua. Waliongea juu ya majani ya chai. Jirani mwenye trekta alikuwa ameiuza, hilo nalo likachambuliwa. Nilisimama kati yao, sina siafu, sina jasho, nimelegeza taya. Wa upande wangu ndio walioanza kuyumba. Baba alihamisha uzito kulia, akahamisha kushoto. Mzee wa kanisa alivumilia mpaka habari za ng'ombe wa mahari zilipoanza, kisha akaona ndoo ya maziwa imefudikizwa, akaikalia na kuguna kwa raha.

"Angalieni!" Kimutai alimnyooshea fimbo. "Huyu ameketi! Amekataa binti yetu?"

Hata ndama walishtuka kwa kicheko kile. Baba alicheka mpaka akashika ua. Na kicheko kilipotulia, Mzee Koech akanigeukia kwa yale macho yasiyopepesa.

"Kijana. Unamtaka?"

"Namtaka."

"Basi."

Tuliingia ndani. Mama yake Chelang'at alileta siagi, akatupaka vichwani, mimi na yeye, vidole vyake vikiwa vya moto kutoka jikoni. Tulivishwa sinendet, ule mmea wa kutambaa wanaovalisha watu wa heri, na unyevu wa majani yake ukanishuka shingoni. Chelang'at alininong'oneza, "Umewaambia yote?" Nikasema, "Isipokuwa la usingizini." Alicheka kile kicheko cha dirisha mbele ya wazee wote.

Ndugu yangu uliyeegemea ukuta, kwako yaweza kuwa mawimbi au yaweza kuwa kitu kingine. Sijui. Bado nina siku ninazobeba karai la maji moto, na bado namtembelea Nafula msimu ukibadilika. Lakini mtafute mtu wa kwanza umwambie, kabla ya mashine yoyote. Sema mahali penyewe. Watakohoa kidogo, halafu watauliza maswali.

Siku ile ya zizini, baada ya siagi, walinikalisha kwenye benchi ile ile ya ukutani. Chai ikaja, na mama mkwe akaanza hadithi ndefu ya jinsi Chelang'at alivyokuwa mtoto mkaidi. Katikati ya hadithi nilihisi ule moto ukijiwasha, mdogo, kama mtu anayepuliza kaa. Niliinuka na kikombe changu, nikapita mbele ya magoti ya wazee, nikasimama dirishani. Hakuna aliyegeuka. Mama mkwe alinyoosha mkono bila kukatiza sentensi yake, akasogeza sahani ya maandazi mpaka ukingoni mwa dirisha, pale ambapo mtu aliyesimama angeifikia.